Felix Bloch na Lafudhi ya Atomu: Maisha ya Mtafiti na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika nyanda za juu, tuseme mjini Mbeya, huenda akakutana na jambo hili. Wanafunzi wa darasa la sita wanachemsha maji katika sufuria ndogo na kuyapima joto kwa kipimajoto. Kitabu kimesema kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Wanafunzi wengi, kwa kuwa wamekwisha kukisoma kitabu, wanaandika 100. Mmoja wao anaandika 94, kwa sababu ndivyo alivyoona kwa macho yake. Mwalimu anapita na kalamu nyekundu: penye 100 anaweka alama ya vema, na penye 94 anaweka alama ya kosa.

Kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu, mwalimu huyo amemwadhibu mtoto pekee aliyetazama, na amewatuza wote walionakili. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu meta 1,700. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Jibu la 94 lilikuwa sahihi. Zaidi ya hayo, lilikuwa na habari ndani yake ambayo jibu la 100 halikuwa nayo.

Katika makala haya tunakusudia kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilifikia njia panda kama hiyo. Mtu huyo ni Felix Bloch, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, utoto wake una jambo la kumfikirisha kila mwalimu wa shule ya msingi. Pili, chombo alichokibuni kilitoa jibu ambalo halikutarajiwa, na jibu hilo, ambalo mwanzoni lilionekana kuwa usumbufu, likaja kuwa na manufaa makubwa kuliko lile lililokuwa likitafutwa.

Utoto na elimu ya mwanzo

Felix Bloch alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1905 mjini Zürich, nchini Uswisi, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Gustav, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, na mama yake aliitwa Agnes. Alipotimiza miaka sita alipelekwa shule ya msingi ya serikali. Huko hakupata furaha. Watu wa Zürich husema Kijerumani cha Uswisi, lakini Felix alikisema kwa lafudhi iliyokuwa tofauti kidogo na ya watoto wenzake, nao wakamdhihaki.

Tusimame hapa kidogo. Kila mmoja wetu amepata kumwona mtoto wa namna hiyo darasani. Ni yule aliyehamia kutoka mkoa mwingine, anayebadilisha sauti ya R na L, au anayetamka neno kama linavyotamkwa nyumbani kwao. Akisimama kusoma, darasa zima hucheka. Baada ya mwezi mmoja hasimami tena. Yafaa mwalimu akumbuke kwamba lafudhi si ujinga. Lafudhi ni alama ya mahali mtoto alipotoka na watu anaoishi nao.

Felix alikuwa na dada mkubwa aliyekuwa tegemeo lake katika miaka hiyo. Dada huyo alifariki akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake akaishi miaka kadhaa katika majonzi na upweke. Mambo mawili yalimpa faraja. La kwanza lilikuwa muziki, kwani alijifunza kupiga piano akiwa bado mdogo. La pili lilikuwa hesabu, ambayo ilimvutia kwa uwazi na uzuri wake.

Mwaka 1918 aliingia shule ya sekondari mjini humo humo. Mwaka 1924 alijiunga na Chuo cha Ufundi cha Shirikisho cha Zürich ili asomee uhandisi. Baada ya mwaka mmoja aliona kwamba moyo wake haukuwa huko, akahamia fizikia. Alibahatika kuwasikiliza walimu mashuhuri wa wakati ule: Peter Debye na Hermann Weyl katika chuo chake, na Erwin Schrödinger katika chuo kikuu cha jirani. Mwaka 1927, kwa ushauri wa Debye, alikwenda Leipzig, Ujerumani, akawa mwanafunzi wa kwanza wa Werner Heisenberg katika ngazi ya udaktari.

Alipata shahada hiyo mwaka 1928, na andiko lake lilifungua mlango mpya katika fizikia. Swali lilikuwa hili: chembe ndogo za umeme ziitwazo elektroni hupitaje ndani ya waya wa shaba, hali waya huo umejaa atomu zilizobanana? Bloch alionyesha kwamba elektroni hutembea kama wimbi, na kwamba wimbi hilo hupita bila kizuizi pale ambapo atomu zimejipanga kwa utaratibu usio na dosari. Kinachozuia umeme ni kasoro katika mpangilio na mtikisiko wa atomu unaotokana na joto. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu.

Kuhama na kuanza upya

Mwezi Januari 1933 Adolf Hitler alishika madaraka Ujerumani, na mwezi Aprili mwaka huo sheria ilitungwa ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, walimu wa vyuo vikuu wakiwamo. Bloch aliondoka Ujerumani. Mwaka 1934 alivuka bahari akaenda Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California nchini Marekani. Yule mtoto aliyechekwa kwa lafudhi yake alianza tena, akiwa mtu mzima, kufundisha katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo.

Huko Stanford alianza kushughulikia nyutroni, ambayo ni moja ya chembe zinazounda kiini cha atomu. Ingawa nyutroni haina chaji ya umeme, ina tabia ya sumaku ndogo. Mwaka 1939 Bloch na Luis Alvarez waliupima usumaku wa nyutroni kwa kutumia mashine ya saiklotroni iliyokuwa Berkeley. Mwaka huo huo Bloch alipata uraia wa Marekani, na mwaka 1940 alimwoa Lore Misch, aliyekuwa mwanafizikia pia. Walijaliwa watoto wanne.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Bloch alifanya kazi kwa muda mfupi Los Alamos, mahali palipotengenezewa bomu la atomu. Kisha akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, ambako wataalamu walitafuta njia za kuvuruga rada za adui. Kazi hiyo ilimpa ujuzi mwingi wa mawimbi ya redio. Vita vilipokwisha mwaka 1945, alirudi Stanford akiwa na wazo lililounganisha mambo mawili aliyoyajua vizuri: usumaku wa viini na mawimbi ya redio.

Pia na bembea

Ili wazo hilo lieleweke, na tuanze na mchezo ambao kila mtoto anaujua. Mtoto akiichezesha pia, nayo ikazunguka ikiwa imeinama kidogo, kichwa cha pia huchora duara hewani polepole. Tuseme pia inayumba. Viini vya baadhi ya atomu, kama vile haidrojeni na florini, hufanana na pia ambazo papo hapo ni sumaku ndogo. Vikiwekwa kati ya ncha za sumaku kubwa, navyo huyumba. Kadiri sumaku kubwa inavyozidi nguvu, ndivyo vinavyoyumba kwa haraka zaidi.

Kuyumba huko kuna kasi ya ajabu. Katika sumaku yenye nguvu ya tesla 1, kiini cha haidrojeni huyumba mara milioni 42.6 kwa sekunde, na kiini cha florini mara milioni 40. Kasi za namna hiyo ni sawa na mitetemo ya mawimbi ya redio.

Sasa tukumbuke bembea. Anayesukuma bembea asipofuata mwendo wake, bembea haiendi mbali. Akisukuma kwa mwendo ule ule wa bembea, hata msukumo mdogo huipandisha juu. Vivyo hivyo, mawimbi ya redio yakilingana barabara na kuyumba kwa viini, viini huitikia, na mwitikio huo unaweza kupokewa kwa chombo kama redio inavyopokea matangazo. Wataalamu huuita mwitikio huo wa viini katika sumaku kwa kifupi NMR.

Mwanzoni mwa mwaka 1946, Bloch pamoja na William Hansen na Martin Packard waliupokea mwitikio wa viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji. Wiki chache kabla yao, kikundi kingine huko Harvard, yaani Edward Purcell, Henry Torrey na Robert Pound, kilikuwa kimefanikiwa kwa nta ya parafini. Vikundi hivyo viwili vilikuwa vimefanya kazi bila kushirikiana. Bloch na Purcell waligawana Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1952.

Mistari miwili mahali pa mmoja

Lengo la Bloch lilikuwa kupima kwa usahihi usumaku wa kiini cha kila elementi, ili ijulikane jinsi viini vilivyoundwa. Kwa mtazamo huo, kila aina ya kiini ilitazamiwa kuwa na jibu moja tu. Kiini cha naitrojeni ni kiini cha naitrojeni, kikae katika chumvi, katika gesi au katika mwili wa kiumbe.

Mwaka 1950, katika maabara ya Stanford, mwanafunzi wa Bloch aitwaye Warren Proctor na mtafiti kutoka China aitwaye Fu Chun Yu walitaka kupima usumaku wa naitrojeni. Walihitaji kitu chenye naitrojeni nyingi kinachoyeyuka vizuri katika maji. Wakachagua amoniamu naitreti, kemikali ambayo wakulima wanaijua katika mbolea za kukuzia. Walitazamia mstari mmoja katika chombo chao. Wakaona miwili.

Hili lilikuwa jambo la kuudhi. Mtu anayepima urefu wa meza akapata majibu mawili hufikiri kwanza kwamba rula ni mbovu. Lakini mistari ile haikuondoka. Ilibidi wakubali kwamba chombo kilikuwa kinasema kweli. Katika amoniamu naitreti, naitrojeni hukaa katika nyumba mbili: moja imezungukwa na haidrojeni, nyingine imezungukwa na oksijeni. Elektroni zilizo karibu na kiini hukikinga kidogo dhidi ya nguvu za sumaku ya nje, na kinga hiyo hutofautiana kufuatana na majirani. Hivyo kiini kile kile huitikia kwa sauti mbili, kwa kadiri ya nyumba kinamoishi.

Kwa ufupi, atomu ina lafudhi.

Wanafizikia waliotaka namba moja iliyo safi waliona tofauti hiyo kuwa kikwazo, kwa kuwa vipimo vyao vyote sasa vilihitaji kusahihishwa. Waliipa jina la mhamo wa kikemia, maana iliwapeleka kando ya jibu walilolitaka. Lakini wanakemia walifurahi. Ikiwa lafudhi ya atomu inafuata majirani zake, basi kwa kuisikiliza lafudhi mtu anaweza kuwajua majirani bila kuivunja molekuli. Mwaka 1951, hapo hapo Stanford, James Arnold, Srinivas Dharmatti na Martin Packard waliichunguza alkoholi ya kawaida. Haidrojeni zake sita zilijitokeza katika makundi matatu: tatu, mbili na moja, sawasawa na jinsi wanakemia walivyokuwa wakiuchora muundo wake kwa miaka mingi.

Florini na kazi ya kubashiri

Mwaka ule ule wa 1950, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, W. C. Dickinson aliona jambo hilo hilo katika florini. Florini si elementi ngeni kwetu. Watoto wengi wa Arusha na Kilimanjaro wana meno yenye rangi ya kahawia kwa sababu maji ya sehemu hizo yana floridi nyingi, ambayo ni florini katika hali ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Florini hupatikana pia katika dawa nyingi za zahanati, kwa mfano siprofloksasini, ambayo molekuli yake ina atomu moja ya florini.

Mhamo wa kikemia hupimwa kwa sehemu kwa milioni, ili namba isitegemee ukubwa wa sumaku iliyotumika. Haidrojeni katika molekuli za kawaida huenea katika upana wa sehemu kumi na kitu hivi. Florini huenea katika upana wa mamia ya sehemu. Wataalamu wamekubaliana kuipa kampaundi moja, ambayo ina kaboni moja, florini moja na klorini tatu, namba sifuri, na nyingine hupimwa kutoka hapo. Florini za asidi iitwayo trifluroasetiki huwa karibu na 76 chini ya sifuri. Florini iliyoshikamana na pete ya benzini huwa karibu na 113 chini ya sifuri. Pete hiyo ikijazwa florini sita, zote huteremka hadi karibu 163 chini ya sifuri. Katika sumaku ya tesla 1, tofauti ya sehemu 100 ni sawa na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Mwalimu anaweza kuihakikisha kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Tofauti kubwa kama hizo zilizua hamu ya kubashiri. Je, mtu akiuona muundo wa molekuli kwenye karatasi, aweza kutaja mahali mstari wa florini utakapotokea, kabla hajaiweka molekuli ndani ya sumaku? Mwaka 1952 Herbert Gutowsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walichunguza pete za benzini zenye florini upande mmoja na atomu za namna mbalimbali upande mwingine. Waligundua kwamba mstari wa florini ulihama kwa utaratibu, kufuatana na nguvu ya jirani ya kuvuta au kusukuma elektroni. Tofauti zilizoonekana kuwa ovyo zilikuwa na kanuni.

Leo kuna njia tatu za kubashiri. Ya kwanza ni ya majedwali: mtu huanza na namba ya kampaundi inayojulikana, kisha huongeza au kupunguza kwa kila jirani aliyebadilishwa. Ya pili ni ya hesabu za fizikia ya kwanta, iliyofuata nadharia aliyoitoa Norman Ramsey mwaka 1950: kompyuta hukadiria jinsi elektroni zinavyokikinga kiini, na jibu hurekebishwa kwa kulilinganisha na kampaundi zilizokwisha kupimwa. Ya tatu ni ya kuipa kompyuta maelfu ya mifano iliyopimwa, nayo ikajitafutia utaratibu.

Hata hivyo, florini ni ngumu kubashiri kuliko haidrojeni. Katika haidrojeni, elektroni hufanya kazi ya kukinga zaidi. Katika florini kuna nguvu nyingine inayopunguza kinga hiyo, nayo hutegemea jinsi elektroni za nje zilivyojigawa pande zote za atomu. Badiliko dogo la majirani, la kimiminika kilichoyeyusha molekuli, au la umbo la molekuli yenyewe, huuhamisha mstari kwa kiasi kinachoonekana. Hesabu nzuri hukosea kwa sehemu chache kwa milioni, na nyakati nyingine zaidi.

Na hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Mkemia aliyebashiri 113 chini ya sifuri, kisha akapima 125, hatupi kipimo wala hajifanyi amepata 113. Hujiuliza: je, hesabu yangu imesahau jambo fulani, au molekuli niliyonayo siyo niliyodhani? Imekwisha kutokea kwamba muundo wa molekuli uliochapishwa ukaonekana kuwa na kosa kwa sababu mihamo iliyobashiriwa haikulingana na iliyopimwa. Asiyebashiri hawezi kushangaa, na asiyeshangaa hana pa kuanzia kuuliza.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1954 Bloch aliitwa Geneva kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa CERN, kituo cha nchi za Ulaya cha utafiti wa viini. Alikaa huko hadi mwaka 1955, kisha akarudi Stanford kuendelea na utafiti na ualimu. Alistaafu mwaka 1971. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Paul Lauterbur alionyesha kwamba mwitikio wa viini vya haidrojeni unaweza kutumiwa kutengeneza picha. Kutokana na kazi hiyo, na ya wataalamu wengine, zilipatikana mashine za MRI zilizomo katika hospitali kubwa, ambazo huonyesha ubongo na uti wa mgongo bila kisu. Felix Bloch alifariki tarehe 10 Septemba 1983 katika mji ule ule aliozaliwa, Zürich, akiwa na umri wa miaka 77.

Mafunzo kwa mwalimu

Baada ya kusimulia maisha hayo, na tuone yanatudai nini darasani.

Kwanza, mwalimu awape wanafunzi nafasi ya kubashiri kabla ya jaribio, na ubashiri uandikwe katika daftari. Ubashiri usipewe alama ya vema wala ya kosa. Kazi yake ni kumfanya mtoto awe na jambo la kulinganisha na anachokiona.

Pili, kipimo cha mtoto kiheshimiwe. Turudi kwa yule aliyeandika 94. Mwalimu aliyejiandaa angemwita mbele na kumwomba arudie kipimo wenzake wakitazama. Kama kipimajoto ni kizima, angeuliza darasa kwa nini Mbeya isipate jibu la Dar es Salaam. Kisha angewapa kanuni ya kukadiria: kwa kila meta 300 za kupanda, maji huchemka kwa joto pungufu la karibu nyuzi moja. Ukigawanya 1,700 kwa 300 unapata karibu 6, na 100 ukitoa 6 ni 94. Kisha wanafunzi wangebashiri jibu la Dodoma, iliyo kwenye meta zipatazo 1,100. Alama ya kosa ingekuwa imegeuka kuwa somo zima, kama mistari miwili ya Proctor na Yu ilivyogeuka kuwa tawi zima la kemia.

Tatu, tusidanganyane kwamba kila tofauti ni ugunduzi. Mara nyingi kipimajoto ni kibovu, au mtoto amesoma vibaya. Proctor na Yu nao walilazimika kuhakikisha kwanza. Tunachosema ni kwamba mwalimu atafute chanzo cha tofauti kabla ya kuifuta. Hata jibu lisilo sahihi lina nyumba lilikotoka. Mtoto aandikaye kwamba 305 kutoa 18 ni 313 hakubahatisha: kila mara ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, yaani 5 kutoka 8, 0 kutoka 1, akabakiza 3. Mwalimu akiligundua hilo, ataweza kubashiri kosa la mtoto huyo katika hesabu inayofuata, na hapo ndipo atakapoweza kulitibu.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuwalinde watoto wenye lafudhi tofauti. Darasa linalomcheka mtoto kwa matamshi yake linamfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hatatuambia kamwe kwamba ameona 94. Wale waliomcheka Felix Bloch huko Zürich hawakujua kwamba mwenzao angekuja kutengeneza chombo cha kusikilizia sauti za viini. Nasi hatujui ni nani ameketi mbele yetu.

Mambo ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja jaribio moja la sayansi ambalo jibu lake mahali unapofundisha huweza kutofautiana na la kitabu. Tofauti hiyo inatokana na nini?

2. Kusanya makosa matano ya hesabu kutoka katika daftari la mwanafunzi mmoja. Je, unaweza kubashiri kosa la sita? Eleza utaratibu ulioufuata.

3. Andika andalio la somo la dakika 40 ambamo wanafunzi watabashiri, watapima, kisha watajadili tofauti kati ya walichobashiri na walichopima.

4. Mwanafunzi mgeni anachekwa na wenzake kwa lafudhi yake. Mwalimu afanye nini siku ile ile, na afanye nini katika wiki zinazofuata?